Kuipeleka klabu yenu Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon: mwongozo wa mratibu

Ikifika Oktoba, simu za waratibu wa klabu za mbio huanza kuita kwa maswali yaleyale. Tunajisajilije kwa pamoja? Aliyeanza kukimbia juzi aandikwe kilomita ngapi? Tulale wapi? Tule nini usiku wa kuamkia mbio? Huo mlima wa Mweka, ulio kwenye njia ya mbio, ni mkali kiasi gani? Nimeyaweka majibu hapa pamoja, kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kuwapeleka wenzako kwenye mbio za nje ya mkoa.

Mfano ninaoutumia ni safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hatua zake zinafaa pia kwa Dodoma, Mwanza au Mbeya, hata Kigali na Nairobi. Karibu na mwisho nimeeleza kinachobadilika huko.

Shika jambo moja kabla ya kuanza. Kazi yako si kusaka washindi. Kazi yako ni kuona kwamba kila aliyepanda basi anamaliza umbali wake akiwa mzima na anarudi nyumbani mzima, hasa yule wa mwisho kabisa. Ushauri wote uliomo humu nimeupima kwa huyo wa mwisho, kwa sababu wenye kasi hujitegemea.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Orodha ya wanachama wanaokwenda: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, saizi ya fulana, namba ya simu, na namba ya ndugu mmoja ambaye hasafiri nanyi.
- Maelezo ya afya ya kila mmoja: pumu, kisukari, presha, kifafa, mzio, dawa anazotumia. Yakae kwako na kwa mtu wa huduma ya kwanza tu, yasiwekwe kwenye kundi la WhatsApp.
- Watu watatu tofauti: mratibu, mweka hazina, na mtu wa huduma ya kwanza. Mmoja akibeba yote matatu, kitu kitaanguka.
- Akaunti au laini ya pesa ya klabu. Michango isiingie kwenye simu ya mtu binafsi.
- Muda: angalau wiki 12 kwa wa kilomita 21, wiki 16 kwa wa kilomita 42.
- Daftari la mazoezi. La karatasi linatosha: tarehe, jina, kilomita, muda, na alivyojisikia.
- Sanduku la huduma ya kwanza: plasta, gozi, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, glovu, pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), pini za ziada, mafuta ya mgando, taulo za kike, tochi.

Hatua

1. Mpangie kila mtu umbali kwa kufuata daftari

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, miezi minne kabla ya basi kuondoka. Mtu anaona wenzake wanaandikwa 21, naye anaandikwa 21. Mwingine kamaliza nusu marathoni (kilomita 21) moja ya Dar, iliyo tambarare, anataka 42. Kumkatalia ni vigumu, hasa akiwa mtu mzima au ndiye aliyechangia fedha nyingi. Lakini usipomkatalia wewe Novemba, atakatazwa na magoti yake Februari, katikati ya barabara ya Mweka.

Tumia vigezo hivi na uvitangaze mapema ili asione mtu ameonewa:

Kilomita 5 ni kwa yeyote mwenye afya, hata anayetembea. Ni mbio za kujifurahisha, zina watu wengi, na mgeni ndiko anakopaswa kuanzia. Kilomita 21 ni kwa anayeweza leo, wiki 12 kabla, kukimbia kilomita 8 bila kusimama huku akiongea. Kilomita 42 ni kwa aliyekwisha kumaliza angalau nusu marathoni mbili bila kuumia, na ambaye daftari linaonyesha amekimbia siku nne kwa wiki kwa miezi mitatu mfululizo.

Mwenye umri chini ya miaka 18 asiandikwe mbio ndefu kabla hujasoma masharti ya umri ya waandaaji na kupata idhini ya mzazi kwa maandishi. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au presha aje na ushauri wa daktari wake.

Kosa la kawaida: kumwandikisha mtu 42 kwa ahadi kwamba "atakuwa ameshakaa sawa." Mwandikishe umbali anaoumudu leo, ukiongeza kile ambacho mazoezi ya wiki 12 yanaweza kuongeza kweli.

2. Jisajilini mapema, kwa mkupuo

Nafasi za Kilimanjaro Marathon hujaa kabla ya siku yenyewe, na kusubiri punguzo la dakika za mwisho ni kujidanganya. Usajili hufanyika kwa mtandao na malipo kwa simu. Weka siku moja ambayo mweka hazina na mtu mmoja mwenye kompyuta watakaa na kuwasajili wote, jina baada ya jina, wakisoma moja kwa moja kutoka kwenye orodha uliyokusanya. Hifadhini ujumbe wa uthibitisho wa kila mtu mahali pamoja.

Angalieni mambo matatu kabla ya kulipa: umbali uliochaguliwa, jinsia na tarehe ya kuzaliwa (ndivyo vinavyompanga mtu kwenye kundi lake la umri), na kundi la ada. Mkiwa na mwanachama asiye Mtanzania, ada yake inaweza kuwa tofauti na yenu.

3. Pangeni fedha na masharti ya kurudishiwa

Bajeti iwe na mafungu haya: usajili, usafiri, malazi, chakula, fulana za klabu kama mnazitaka, na akiba ya dharura isiyopungua asilimia kumi ya jumla. Gawanya michango kwa awamu tatu, ya mwisho iwe wiki nne kabla ya safari.

Kisha andika sharti moja wazi: anayejitoa baada ya tarehe fulani harudishiwi ada ya usajili wala nauli, kwa sababu vimeshalipwa. Sharti hili likiandikwa Oktoba hakuna anayelalamika. Likitamkwa Februari ni ugomvi. Mweka hazina atoe hesabu kwa wote kila mwezi, hata kama hakuna kilichobadilika.

4. Fanyeni mazoezi yanayolingana na Moshi

Watu wa Dar joto la Februari tunalijua. Tunachokosa ni milima. Njia ya Moshi inapanda kutoka mjini kwenda Mweka, mwinuko wa mita zipatazo 300 kwa jumla, na aliyezoea Coco Beach na barabara za Masaki hukutana nao mara ya kwanza siku ya mbio. Msikubali hilo. Tafuteni milima iliyo karibu: ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, Goba, Makongo Juu, au vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe.

Wiki ya mtu wa kilomita 21 iwe hivi:

Jumanne, mbio nyepesi za dakika 40 hadi 50. Alhamisi, mlima: tafuta mwinuko unaochukua dakika mbili hadi tatu kuupanda, panda mara nne, shuka kwa mwendo wa pole, kisha ongeza mara moja kila wiki mbili mpaka ufikie nane. Jumamosi au Jumapili, mbio ndefu za pamoja. Siku nyingine moja, mbio nyepesi au kutembea haraka. Zilizobaki ni za kupumzika, na mapumziko nayo yaandikwe kwenye daftari.

Mbio ndefu ziende hivi kwa wiki 12, kwa kilomita: 8, 10, 12, 9, 12, 14, 16, 12, 16, 18, 12, kisha mbio yenyewe. Wiki zenye kilomita chache zimewekwa kwa makusudi ili mwili upate nafuu, basi zisirukwe. Wa kilomita 42 afike mbio moja au mbili za kilomita 30 hadi 32, ya mwisho ikiwa wiki tatu kabla ya safari, kisha apunguze.

Kupanda kuna namna yake. Fupisha hatua, kifua kiwe wima, mikono ifanye kazi, macho yatazame mita kumi mbele na si kileleni. Usishindane na saa mlimani. Shindana na pumzi yako. Ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza.

Kushuka nako kunafundishwa, na klabu nyingi hazikufundishi. Baada ya Mweka kuna takriban kilomita kumi ambazo kwa sehemu kubwa ni mteremko, na hapo ndipo mapaja huumia kuliko mahali pengine popote. Kila mnapofanya mazoezi ya mlima, mshuke angalau mara mbili kwa kukimbia kweli: hatua fupi za haraka, magoti yakiwa yamelegea kidogo, bila kuegemea nyuma wala kufunga breki kwa visigino. Msifanye hivyo katika siku kumi za mwisho.

Kila mbio ndefu iwe pia jaribio la vitu vya siku ya mbio: viatu vilevile, soksi zilezile, chakula kilekile cha alfajiri. Viatu vipya vinunuliwe si chini ya wiki sita kabla, vikiwa na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwani mguu huvimba na kwenye mteremko husukumwa mbele. Viatu vya mtumba vinafaa kama soli bado inarudi ukiibonyeza. Soli iliyokufa ni hasara hata ikiwa ya bei ghali.

5. Usafiri na malazi

Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita zipatazo 560, kupitia Chalinze, Korogwe na Same. Kwa basi au kosta hesabu saa tisa hadi kumi. Mbio ni Jumapili, kwa hiyo ondokeni Ijumaa. Anayeondoka Jumamosi asubuhi anafika jioni miguu imevimba, anapanga foleni ya kitu kidogo cha kula, analala saa sita, anaamka saa kumi. Kama kazi haziruhusu, Jumamosi muondoke saa kumi na moja alfajiri, msichelewe zaidi ya hapo. Njiani msimame kila saa mbili, kila mtu ashuke na kutembea dakika tano.

Dereva asikimbie. Nalisema hili kwa mkazo wote nilio nao. Dereva mwanachama aliyeamka saa kumi na kukimbia 21 hawezi kuwarudisha watu Dar jioni ileile. Kama mnakodi gari, mkubaliane na madereva wawili, au mrudi Jumatatu asubuhi.

Vyumba vya Moshi hujaa wikiendi hiyo. Wekeni nafasi mkishajisajili tu, na mchague mahali mnapoweza kutembea hadi Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako mbio huanzia na kuishia. Barabara hufungwa asubuhi hiyo na gari lenu huenda lisifike. Ulizeni maswali mawili kabla ya kulipa: jiko linaweza kutoa uji au chai saa kumi alfajiri? Maji yapo muda wote? Wapangeni wanawake na wanaume vyumba tofauti mapema, na kila aliye peke yake awe na mwenzake anayejua chumba chake.

6. Chukueni namba mapema

Kwa miaka kadhaa namba za mbio zimekuwa zikitolewa Dar, Arusha na Moshi siku za kabla ya mbio. Mkiweza kuchukua Dar, chukueni Dar, mkisafiri mkiwa nazo. Someni ratiba ya mwaka huo kujua kama mtu mmoja anaruhusiwa kuwachukulia wenzake na anatakiwa kuja na nini.

Ukipata namba, andika nyuma yake jina, namba ya ndugu na ugonjwa au mzio kama upo. Ibandike kifuani kwa pini nne, usiikunje, maana kwenye mbio nyingi chipu ya kupima muda imebandikwa huko nyuma au inakuja nayo ya kufunga kwenye kiatu.

Tahadhari kubwa: hakuna kupeana namba. Mwanachama akiugua, namba yake haikimbiwi na mwingine. Mtu akianguka barabarani, wahudumu husoma namba yake, na watakuwa wanampigia simu ndugu wa mtu mwingine na kumtibu kwa maelezo ya mwili mwingine. Klabu inayoruhusu hili kwa sababu ya kuokoa ada imeweka roho ya mtu rehani.

7. Jumamosi

Kuleni chakula kikuu mchana, usiku kile cha wastani kabla ya saa mbili. Wali, ugali, viazi au ndizi za kupika pamoja na nyama kidogo au samaki vinatosha. Moshi ina mtori na ndizi nzuri, lakini kama tumbo lako halijazoea, vionjeni Jumapili mchana. Epukeni maharage mengi, kachumbari ya barabarani, pilipili na pombe. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, si lita mbili kabla ya kulala.

Saa kumi na mbili jioni fanya kikao cha dakika ishirini. Soma majina kwa umbali, taja saa ya kukutana mlangoni, onyesha mahali pa kukutania baada ya mbio, na wapange watu wawiliwawili. Kila mgeni wa mbio awe na mzoefu. Kisha kila mmoja atandike vitu vyake kitandani: namba, pini, viatu, soksi, kaptula, fulana aliyoizoea, kofia, mafuta ya mgando. Ile fulana mpya ya mbio ni ya picha. Ikivaliwa bila kufuliwa huchubua makwapa na chuchu.

Wengi hawatalala vizuri. Waambie mapema kwamba ni kawaida na kwamba usingizi unaotegemewa ni wa Ijumaa.

8. Alfajiri

Kuamka saa kumi. Kula kile ulichojaribia kwenye mbio ndefu: uji, mkate mkavu na chai, ndizi mbivu moja au mbili, tende. Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani, na wanawake kwenye ukingo wa sidiria. Nenda chooni kabla ya kutoka, kwa sababu foleni za uwanjani ni ndefu.

Usimeze dawa za maumivu za diclofenac au ibuprofen kabla ya kukimbia, hata kama kuna mtu anazigawa kwa wema. Mwili uliopungukiwa maji ukipewa dawa hizo, figo ndizo zinazoumia.

Mfike uwanjani saa moja kabla ya muda wenu wa kuanza. Simama nyuma au katikati ya kundi. Mgeni akijipanga mbele atasukumwa, na atatoka kwa kasi isiyo yake.

9. Barabarani

*Kilomita 21.* Mtapita mjini kisha mtaanza kupanda mapema kuelekea Mweka. Mnageuka karibu na katikati ya umbali na kushuka. Mgawanyo wa nguvu ni rahisi kuueleza na mgumu kuutii: kupanda ni kwa subira, kushuka ni kwa utulivu, kilomita tano za mwisho ndizo za kukimbia. Aliyekusudia dakika 7 kwa kilomita, ambazo kwenye tambarare zingempa takriban saa 2 na dakika 28, akubali dakika 8 au zaidi akipanda. Mteremko utamrudishia sehemu, hautarudisha yote, na hiyo ndiyo Moshi.

*Kilomita 42.* Nusu ya kwanza iko kwenye barabara kuu upande wa kuelekea Dar, tambarare kiasi cha kumlaghai mtu. Kisha mnarudi mjini, na wakati jua limeshapanda ndipo mnaanza Mweka, mpaka kwenye kilomita 32 hivi. Anayepita nusu ya kwanza akijisikia shujaa atatembea kuanzia kilomita 25. Nusu ya kwanza iende taratibu kiasi cha kuona aibu kidogo. Kwenye mlima, kwa wageni wa 42, napendekeza kabisa kukimbia dakika nne na kutembea moja, tangu mwanzo wa kupanda na si baada ya kuchoka.

Mkitaka mfano wa subira, tunaye wa kwetu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros hadi mita za mwisho kabisa, wote wakapewa muda wa saa 2:09:48, naye akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Hakuna mwanachama wako atakayekimbia kasi ile. Kungoja wakati wake anaweza.

Maji: pita kila kituo, kunywa mafunda machache, jimwagie kichwani na shingoni. Usinywe kupita kiu. Wanaokaa barabarani zaidi ya saa nne wako kwenye hatari ya kunywa maji matupu mengi mpaka chumvi ya mwili ikapungua mno. Wachanganye na kinywaji chenye chumvi au ORS.

Njia ya Mweka inapita kwenye migomba na kahawa, na watoto hutoka kuwashangilia. Itikieni. Unapata nguvu kweli, na wenyeji wamewaachia barabara yao asubuhi nzima.

10. Mkishamaliza

Usikae chini papo hapo. Tembea dakika kumi, kunywa, kula kitu ndani ya nusu saa, badilisha fulana iliyolowa. Kisha nenda mahali pa kukutania.

Mratibu au mtu uliyemteua asimame karibu na utepe na orodha mkononi, akiweka alama kwa kila anayeingia. Klabu haiondoki mpaka jina la mwisho liwe na alama. Waliomaliza mapema wasikimbilie hotelini: warudi nyuma mita mia tano kumlaki wa mwisho na kutembea naye hadi karibu na lango. Dada aliyemaliza wa mwisho huku wenzake wote wakimsubiri atakuwepo mazoezini Jumamosi ijayo. Aliyekuta uwanja mtupu hatarudi, na klabu itashangaa kwa nini wageni hawakai.

Siku tatu zinazofuata ni za kutembea tu. Wa 42 wasirudi kwenye mazoezi makali kwa wiki mbili hadi tatu.

Mkienda kwingine

Dodoma iko juu ya mita 1,100 na hewa yake ni kavu. Tangu 2024 treni ya SGR imeirahisisha safari kutoka Dar, kaeni tu mkijua ratiba za kurudi. Mbeya, Arusha na Nairobi ziko juu zaidi, na mtu wa pwani atahema kabla hajachoka: apunguze kasi tangu kilomita ya kwanza badala ya kungoja kuona itakavyokuwa. Kigali ni milima mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mazoezi ya hatua ya 4 yaongezwe maradufu. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mrekebishe simu zote usiku mkifika. Kwa kuvuka mpaka, kila mtu awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na gari liwe na bima inayotambulika huko. Kagueni hati hizi wiki sita kabla, mkizishika mkononi. Neno la "ninayo nyumbani" lisikubaliwe.

Mambo yakienda mrama

*Mtu ana homa wiki ya safari.* Apime malaria, apate matibabu, asikimbie. Anaweza kusafiri kama shabiki akipata nafuu. Kukimbia na homa kunaweza kuuumiza moyo, na hakuna medali yenye thamani hiyo.

*Namba imepotea.* Nendeni kwenye dawati la waandaaji Jumamosi na kitambulisho pamoja na ujumbe wa uthibitisho. Jumapili alfajiri msaada huwa mdogo.

*Misuli imekaza barabarani.* Simama, nyoosha taratibu, kandamiza kwa kiganja, kunywa chenye chumvi, tembea dakika tano. Ikirudi mara ya tatu, tembea mpaka mwisho au panda gari la wahudumu.

*Kichomi.* Punguza kasi, toa pumzi ndefu kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza panapouma. Mara nyingi hupita ndani ya dakika chache.

*Malengelenge.* Dogo, lifunike kwa plasta na uliache. Usipasue kwa pini ya namba.

*Mtu anayumba, anaongea ovyo, au ngozi inawaka na hajielewi.* Hiyo ni dharura. Asiendelee hata mita moja. Mpeleke kivulini, mwite mhudumu, mpoze kwa maji mwili mzima, usimlazimishe kunywa. Maumivu ya kifua au kuzirai ni vivyo hivyo: mwite mhudumu kwanza, maswali baadaye.

*Tumbo limeharibika alfajiri.* ORS badala ya uji. Kama ameharisha zaidi ya mara mbili, ahamie mbio za kilomita 5 atembee, au abaki.

*Jina halipo kwenye matokeo.* Tuma kwa waandaaji namba ya mbio, umbali, muda wa saa yako na picha uliyopigwa kwenye utepe inayoonyesha namba kifuani. Fanya hivyo ndani ya wiki hiyo, na mratibu akusanye malalamiko yote ya klabu ayatume kwa barua pepe moja.